Neno la Kiingereza "Unwind" na Jamaa ya Vitenzi vya Kukunjua

Katika shule moja ya sekondari upande wa Bunda, mwanafunzi alipewa sentensi ya Kiingereza aifasiri, nayo ilisema ya kwamba baba, arudipo kazini jioni, "unwinds". Kijana yule alilikata neno vipande viwili. Alijua ya kuwa "wind" ni upepo, na ya kuwa "un" huondoa. Basi akaandika kwamba baba, arudipo kazini, hutolewa upepo. Darasa zima likacheka, na mwalimu naye akacheka, maana baba wa namna hiyo ni sawa na mpira wa baiskeli. Lakini kosa lile lataka kutazamwa vema, kwa sababu kijana alikosea upande mmoja tu. Alikuwa amefahamu jambo moja ambalo walimu wengi twalipita bila kulifundisha.

Kwanza tuseme alipokosea. Kiingereza kina maneno mawili yaandikwayo kwa herufi zile zile, wala hayatamkwi sawasawa. Moja ni upepo. La pili ni kuzonga, yaani kuzungusha uzi au kamba juu ya kitu. Hili la pili ni la zamani sana, na Waingereza wa kale walikwisha kuwa na kinyume chake, kuzongoa. Sanda ya maiti huitwa kwao "winding-sheet", ndiyo nguo ya kumzonga mtu. Karne nyingi kinyume kile kilisemwa juu ya nyuzi, kamba na vitambaa. Maana ya mtu kupumzika ni changa, ya karne ya 20. Saa za zamani zilikuwa na kamani ndani yake, nayo ilizongwa kwa ufunguo mpaka ikakaza. Kisha ikajizongoa polepole hata saa ikasimama. Mtu aliyechoka kwa mashaka ya kazi afanana na kamani iliyokazwa. Kwetu saa ile ile hatukusema kwamba yazongwa. Twasema yatiwa ufunguo, na ufunguo ni neno litokalo katika kufungua. Kazi ni moja, na kila lugha imeishika kwa upande wake.

Sasa tuseme alipofahamu. Kiingereza kina "un" mbili, na wenyewe Waingereza huzichanganya. Moja hukana: nguo ambayo ni "unwashed" haikufuliwa. Ya pili hurudisha nyuma kazi iliyokwisha kufanywa, nayo ni ndugu wa "ent" ya Kijerumani. Uzi ulio "unwound" ulikuwa umezongwa kwanza, kisha ukazongolewa. Kijana wa Bunda, hata alipoudhania upepo, alijua ya kuwa baba alikuwa nao kwanza kabla ya kutolewa. Aliitambua "un" ya pili.

Aliitambua kwa sababu anayo nyumbani. Kiswahili hakichanganyi mambo haya mawili. Kutokunja si kukunjua, na kutofunga si kufungua. Mlango usiofungwa huenda haukupata kufungwa tangu siku ulipotiwa. Mlango uliofunguliwa una habari yake. Kiungo kidogo hiki, -ua au -oa, kimo katika vitenzi tusemavyo kila siku: kuziba na kuzibua, kufuma na kufumua, kutega na kutegua, kuanika na kuanua, kubandika na kubandua, kutwika na kutua. Wala si mali ya pwani peke yake. Msukuma aliyehamia Bunda husema kutunga, yaani kufunga, na kutungula. Mkikuyu husema kuoha na kuohora. Mganda hukunja kwa kuzinga na kukunjua kwa kuzingulula. Wazanaki wa Butiama, Wajita na Wakwaya wa Musoma, na Waikizu, ni wa ukoo huo huo wa Kibantu. Kaskazini ya Musoma, huko Rorya, mambo hubadilika. Mjaluo hufunga kwa neno "tweyo" na kufungua kwa neno "gonyo", maneno mawili yasiyo na udugu. Mwalimu mwenye watoto wa kabila zote mbili darasani asishangae akiona mmoja adaka kinyume upesi, na mwenziwe akihitaji kuonyeshwa.

Hata hivyo tusifanye sheria ya chuma. Kukama ni kutoa maziwa, na kukamua si kuyarudisha kiweleni. Kusonga na kusongoa, kupinda na kupindua, navyo havikai katika kanuni. Nimepata kumwona mwalimu mwema akijenga orodha ndefu ubaoni mpaka akafika kwenye kukamua, akaifuta yote. Haikumpasa kuifuta.

Wafasiri wa Maandiko wameutumia utajiri huu kwa namna mbalimbali. Kitabu cha mwisho cha Agano Jipya chaitwa Ufunuo, kutoka kufunua, kinyume cha kufunika; na neno la Kigiriki lenyewe ni kuondoa kifuniko, basi hapo Kiswahili kilifuata asili yake hatua kwa hatua. Katika Luka sura ya 4 Yesu apewa chuo cha Isaya katika sinagogi la Nazareti. Chuo kile kilikuwa ngozi ndefu iliyoviringishwa. Nakala nyingine za Kigiriki zina neno la kufungua, nyingine zina neno la kukunjua. Lakini mstari wa 20, aliporudisha chuo, neno ni kukunja. Tafsiri ya Kiswahili ya Muungano, ya mwaka 1952, yasema kufungua na kufunga mahali pote pawili. Si kosa, ila msomaji wa Butiama huona mbele yake kitabu chenye jalada kama vitabu vyake, na ule mviringo wa ngozi umepotea. Mimi ningeandika kukunjua na kukunja. Bali kwa Lazaro, katika Yohana sura ya 11, nisingegusa kitu. Ingawa amezongwa sanda, amri iliyotolewa kwa Kigiriki ni ya kufungua vifungo, na Kiswahili kimesema kufungua. Atakayeandika hapo kuzongoa atatuonyesha nguo vizuri zaidi, na atatupotezea mfungwa.

Sasa turudi kwa yule baba. Kiswahili humpumzisha mtu kwa njia nyingi, wala hakuna hata moja ipitayo kwenye kamani. Hupumzika, yaani hupata pumzi. Hutua mzigo, hutulia. Huburudika, neno lililotoka kwa Waarabu pamoja na baridi, na nchi yenye jua hili haihitaji kuelezwa kwa nini. Hustarehe, na starehe ni ya shina moja na raha. Vijana husema hujiachia. Kukunjua nako kumo, ila kwetu kitu kikunjwacho ni uso na moyo: aliyekasirika amekunja uso, na mkunjufu ni mtu ambaye moyo wake hauna mikunjo. Tena kuna mtego. Neno "relax" latoka katika Kilatini chenye maana ya kulegea, na mwanafunzi mwenye kamusi hupenda kuandika kwamba baba hulegea. Kwa Kiswahili mlegevu ni mtu asiye na nguvu au asiye na bidii. Baba amelima mchana kutwa, kisha mwanawe amwita mlegevu.

Kwa nini nashughulika na kitenzi kimoja? Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaazimia kwamba kufika mwaka 1977 kila mtoto awe amepata nafasi katika shule ya msingi. Elimu hiyo ilikuwa ya Kiswahili. Katika sekondari lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza. Daraja kati ya mbili hizo twalijenga sisi walimu, neno kwa neno. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, naye ni mtoto wa Kizanaki. Mwaka 1963 alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Kaizari. Wengine wangeridhika, yeye aliifumua, akaifuma upya, na mwaka 1969 ikatoka tena kwa jina la Juliasi Kaizari.

Yule mwalimu wa Bunda alifanya vivyo hivyo kwa sentensi moja. Alimrudishia kijana daftari, akamwambia kwamba upepo si wake, ila kile kipande kidogo cha mbele amekipata. Kisha akaleta darasani kibiringo cha uzi wa kushonea, akawapa watoto wakizonge na kukizongoa, wakitaja maneno kwa lugha za nyumbani kwao. Kijana aliandika mara ya pili kwamba baba, arudipo kazini, hutua mzigo wa siku na kupumzika. Mwalimu aliuliza mzigo umetoka wapi, maana haumo katika Kiingereza. Kijana akajibu kwamba baba yake ni mchukuzi sokoni. Likaachwa kama lilivyo.