Fundi Redio wa Waterhouse

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Rudolph Redwood, aliyekuwa akipiga muziki wa santuri kwenye madansi ya Spanish Town nchini Jamaika, alikwenda kukatiwa santuri katika studio ya Treasure Isle jijini Kingston. Fundi mitambo akasahau kufungulia sauti ya waimbaji. Redwood aliichukua hivyohivyo, akaipiga dansini, na umati ukaimba wenyewe. Watayarishaji hawakuchelewa kuona faida: upande wa pili wa santuri ungejazwa wimbo uleule usio na maneno, bila kuwalipa wanamuziki mara mbili. Kwa hiyo rimiksi ya Jamaika ilitokana na usahaulifu, ikalelewa na ubahili. Aliyeipandisha hadhi alikuwa fundi redio.

Osbourne Ruddock, maarufu kama King Tubby, alizaliwa Kingston Januari 28, 1941. Riziki yake haikuwa gitaa wala uimbaji. Alitengeneza redio, akasuka transfoma, akaunda amplifaya za wenye saundi sistimu, wale waliorundika spika kubwa uwanjani na kuchezesha watu hadi alfajiri. Yeye pia alikuwa na seti yake, Home Town Hi-Fi, iliyosifika kwa mwangwi, na aliyeshika maikrofoni alikuwa U-Roy. Wakati huohuo alimkatia santuri Duke Reid, mwenye Treasure Isle, polisi wa zamani ambaye studio yake ilikuwa juu ya duka lake la pombe.

Mapema miaka ya 1970 Tubby alipata meza kuukuu ya kuchanganyia sauti, aina ya MCI, kutoka studio ya Dynamic Sounds. Aliifunga katika nyumba ya mama yake, Dromilly Avenue, mtaa wa Waterhouse, na bafu likawa chumba cha kurekodia waimbaji. Bendi nzima isingeenea humo. Nadhani ufinyu huo ndio uliomtajirisha kisanaa: watayarishaji kama Bunny Lee walimletea tepu zilizokwisha kurekodiwa kwingine, naye akabaki na kazi moja tu, kuzifumua.

Meza ilikuwa na njia nne. Alikata gitaa ghafla, akaacha ngoma na besi peke yake. Akarudisha silabi moja ya mwimbaji, akaitupia kwenye mwangwi mpaka ikapotea. Kulikuwa na nobu kubwa ya kichujio: akiizungusha, besi inakauka na yanabaki matoazi yakichacharika kama mafuta kwenye kikaango. Kisanduku cha springi cha kutoa mwangwi alikigonga, ngurumo ikajaa kwenye spika. Yote hayo yalifanywa kwa mkono, tepu ikiwa inazunguka. Hapakuwa na kompyuta ya kutunza kumbukumbu, hivyo michanganyiko miwili ya wimbo mmoja haikulingana. Watu waliuita muziki huo dabu.

Jina la fundi likaanza kuuza. Mwaka 1976 ilitoka albamu ya Augustus Pablo, "King Tubbys Meets Rockers Uptown", na mchanganyaji ndiye aliyetangulia kwenye jalada. Kibao kilichoipa jina kilikuwa upande wa pili wa "Baby I Love You So" wa Jacob Miller, na leo kinatajwa mara nyingi kuliko wimbo wenyewe. Kwa fundi mitambo, ambaye kwa kawaida jina lake huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya jalada, hilo halikuwa jambo dogo.

Tubby alipigwa risasi na kufa nje ya nyumba yake Kingston, Februari 6, 1989. Kufikia hapo ujuzi ulikuwa umekwisha kusambaa. Hopeton Brown, aliyejiita Scientist, alianza kwake akiwa kijana wa kutengeneza vifaa vya umeme. Lloyd James, yaani Prince Jammy, mwanafunzi mwingine wa Tubby, alijitegemea, na mwaka 1985 akatoa "Under Mi Sleng Teng" ya Wayne Smith, mdundo wake ukitoka ndani ya kinanda kidogo cha Casio, ukoo mmoja na vile vya wapiga mchiriku wa Dar es Salaam. Kingston nzima ikaacha bendi na kukimbilia mashine. Mwalimu naye hakukaa kando: mwaka huohuo Tubby akamjibu mwanafunzi wake kwa "Tempo" ya Anthony Red Rose, mdundo wa mashine vilevile.