Dukkha kwa Kiswahili: Mateso, Uchungu au Dhiki?

Mtu aliyeusoma Ubuddha kwenye kitabu cha dini za ulimwengu, ukimuuliza Buddha alifundisha nini, mara nyingi atakujibu: maisha ni mateso. Jibu hilo limeenea mno, na limewafanya watu wengi waifunge milango ya falsafa hii kabla hawajaingia. Buddha hakusema hivyo. Katika hotuba inayohesabiwa kuwa yake ya kwanza, aliyowapa watawa watano huko Sarnath, karibu na mji wa Varanasi kaskazini mwa India, neno alilotumia ni dukkha, na hakulibandika juu ya maisha yote. Alitaja mambo mahususi: kuzaliwa, kuzeeka, kufa, kukutanishwa na usichokipenda, kutenganishwa na ukipendacho, kukosa unachokitaka. Kisha akasema kwamba, kwa ufupi, mafungu matano ya kung'ang'ania ndiyo dukkha. Mafungu hayo ni mwili, hisia, utambuzi, mielekeo ya nia na fahamu, yaani yote ambayo mtu huyakumbatia akisema, huyu ndiye mimi, hiki ni changu.

Basi tafsiri ya "mateso" inakosea wapi? Neno hilo limetoka kwenye kitenzi kutesa. Ukilitamka, tayari umemwita mtesi na mteswa. Kwa masikio ya Mkristo linaleta pia Mateso ya Yesu, ambayo yana thamani kwa sababu yanakomboa. Dukkha haina mtesi. Si adhabu iliyotumwa na yeyote, wala kuivumilia tu hakumkomboi mtu. Tena mateso ni neno zito, la vita, la jela, la ugonjwa usiotibika. Hakuna mtu anayekula pilau na jamaa zake siku ya Idi akasema yumo kwenye mateso, na akisema hivyo tutamshangaa kwa haki. Lakini Buddha anadai kwamba hata pale, katikati ya pilau na vicheko, dukkha ipo. Neno la Kiswahili lisiloweza kuingia kwenye sherehe halifai kazi hii.

Wabuddha huigawa dukkha katika aina tatu. Ya kwanza ni maumivu ya wazi: jino, njaa, msiba. Hii haihitaji mwalimu.

Ya pili ni dukkha ya mabadiliko, na hapa ndipo ningependa msomaji wa Kiswahili asimame kidogo. Sisi husema baada ya dhiki faraja. Ni methali ya kweli, na imewashika mkono watu wengi usiku wa giza. Buddha asingeikanusha, angeuliza tu kuhusu yanayofuata. Baada ya faraja, nini? Aliyepona huanza kuogopa ugonjwa usirudi. Aliyepandishwa cheo hulala akiwahesabu wanaokitamani kiti chake. Mama humtazama mwanawe akicheza, akafurahi, na papo hapo moyo ukamdunda kwa kuwa barabara haiko mbali. Furaha haijaisha bado, na tayari imeshabanwa. Maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibuddha, hayaikani raha, ambayo huitwa sukha. Yanazitaja raha nyingi na kuzisifu baadhi yake, kwa mfano ile ya kuachana na tamaa na ile ya utulivu wa tafakuri. Yanachosema ni kwamba raha inayopita, ukiishika kana kwamba haitapita, itakuumiza kwa mkono wako mwenyewe.

Aina ya tatu ni ngumu zaidi kuiona. Kila kitu kilichoundwa kwa kutegemea vitu vingine hakiwezi kusimama peke yake, na kwa hiyo hakiwezi kumpa mtu makao ya kudumu. Hata hali tulivu, isiyo na raha wala maumivu, imo humu.

Sasa tutafute neno. Njia rahisi ingekuwa kutohoa, lakini utohozi wa dukkha ungetuletea "duka", na duka tayari lina wenyewe. Kuna wanaovutiwa na dukuduku, kwa mlio wake na kwa kuwa ni fukuto la moyo lisilotulia. Mlio huo ni sadfa, maana Kipali na Kiswahili havina undugu wa karibu wala wa mbali. Tena dukuduku hutolewa: mtu akishasema yaliyomkaa moyoni, ametua. Dukkha haitoki kwa kusemwa.

Mshindani wa kweli ni uchungu. Wachina walipoyafasiri maandiko ya Kibuddha walichagua neno ku, lenye maana ya ladha chungu, na kwa karne nyingi limefanya kazi bila kulalamikiwa. Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno la namna hiyo hiyo: uchungu ni wa mwarobaini, wa kufiwa, na wa mama anayejifungua. Nimelipima neno hili kwa heshima. Linaibeba vizuri sana aina ya kwanza na linajikongoja na ya pili. Ya tatu inalishinda, kwa kuwa uchungu lazima uhisiwe, na dukkha ya vitu vilivyoundwa yaweza kuwapo bila kuhisiwa na mtu.

Ninachagua dhiki, na sababu yangu inatoka kwenye maandiko yenyewe. Patisambhidamagga, kitabu kimojawapo cha mkusanyo wa Kipali, kinaipa dukkha maana nne: kubana, kuwa kitu kilichoundwa, kuunguza, na kubadilika. Buddhaghosa, aliyeandika Visuddhimagga nchini Sri Lanka katika karne ya 5, anazirudia maana hizo. Kubana kumetajwa kwanza. Na dhiki, tangu asili yake ya Kiarabu, ni wembamba na kukosa nafasi; kudhikika ni kubanwa. Nyumba yaweza kuwa na dhiki, pesa zaweza kuwa na dhiki, na moyo pia, bila mtesi yeyote kuhitajika.

Najua pingamizi. Wakristo wana Dhiki Kuu ya siku za mwisho, na mitaani dhiki ni ufukara. Lakini dukkha lenyewe lilikuwa neno la kila siku la maumivu kabla Buddha hajalipanua. Istilahi hupanuliwa na wanaoitumia. Ninachoshauri ni tahadhari moja tu: hisia ya kuumia, ambayo Kipali huiita dukkha pia, tuiite maumivu, ili dhiki ibaki kuwa jina la ukweli mzima.

Ukishakubali neno hilo, kweli nne tukufu husomeka kwa Kiswahili bila kukwaruza. Kuna dhiki. Dhiki ina chanzo, nacho ni kiu. Kiu ikikoma, dhiki hukoma. Ipo njia ya kufikia ukomo huo, yenye sehemu nane. Katika neno "kiu" hatukuhitaji kuhangaika, kwani tanha kwa Kipali ni kiu hasa, ile ya koo lililokauka. Hotuba ya Sarnath inaipa kila kweli kazi yake: dhiki ifahamike kikamilifu, kiu iachwe, ukomo ushuhudiwe, njia ikuzwe. Msomaji aliyepewa "mateso" hukimbilia kuyapiga vita, kumbe kazi aliyopewa ni kuifahamu dhiki.

Kazi hiyo hufanywa katika tafakuri. Mtu amekaa, goti linauma. Hayo ni maumivu. Kisha akili inaanza: kwa nini mimi, litaisha lini, nitashindwa mbele ya wenzangu. Buddha alisema mtu asiyefundishwa hupigwa mishale miwili, mmoja wa mwili na mmoja wa moyo, na aliyefundishwa hupigwa ule wa kwanza tu. Anayetafakari hujifunza kuuona mshale wa pili ukiwa bado mkononi mwake.

Suala hili si geni kwetu. Dar es Salaam lina hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na wahamiaji kutoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 2005 mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, alianzisha kituo cha Wabuddha karibu na Entebbe. Wanaofundisha na wanaofasiri mafundisho haya kwa Kiswahili ninawaomba hivi: andikeni "kuna dhiki", acheni "maisha ni mateso", na mahali neno dhiki linapotokea kwa mara ya kwanza, wekeni dukkha kando yake ili msomaji alijue neno la asili.