Rejeta ya Ford kwenye delta ya Rufiji

Mwishoni mwa mwaka 1914, Waingereza waliokuwa wakiiwinda manowari ya Kijerumani Königsberg walikwamishwa na kitu ambacho dereva yeyote wa barabara ya Kilwa anakijua: rejeta ilikuwa inavuja. Manowari ilikuwa imejificha ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji, mbali na meli zilizokuwa zikiilinda baharini, na ilibidi itafutwe kutoka angani. Basi wakamchukua rubani wa kiraia kutoka Durban, Dennis Cutler, na ndege yake aina ya Curtiss, ile inayotua majini. Injini yake ilipozwa kwa maji, na joto la pwani yetu likaishinda rejeta. Dawa iliyopatikana ilikuwa rejeta ya gari la Ford kutoka Mombasa.

Hadithi ya Königsberg husimuliwa kwa mizinga na makapteni. Mimi nadhani rejeta ile inastahili sura yake. Cutler aliiona manowari, lakini Desemba hiyohiyo akashuka ndani ya delta, injini ikiwa imemgomea, na Wajerumani wakamkamata.

Mapema 1915 zikaja ndege za Sopwith zenye injini za Gnome, ambazo hazikuwa na tone la maji. Silinda zenyewe zilizunguka pamoja na propela, upepo ukazipoza. Hakuna rejeta, hakuna kuvuja. Tatizo limekwisha? Wapi! Kwenye joto hewa ni nyepesi, na ndege hizo zikashindwa kunyanyuka na mzigo wa maana. Kazi ilikuja kukamilishwa na ndege zilizoruka kutoka kiwanja cha Mafia. Tarehe 11 Julai 1915, Cull na Arnold, wakiwa angani, walizielekeza meli za Severn na Mersey mahali pa kupiga, wakaendelea kutuma ishara hata baada ya ndege yao kupigwa na kuanza kushuka. Siku hiyo Königsberg ikaishia mtoni.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi vijana wenye magari ya kasi, Subaru za turbo na Toyota zilizofunguliwa nguvu, wanauziwa kulanti isiyo na maji kana kwamba kuyaondoa maji kwenye injini ni wazo la jana. Kampuni inayojulikana zaidi kwa bidhaa hiyo ni Evans ya Marekani. Ndani ya chupa hakuna uchawi: ni glaikoli bila maji, pamoja na dawa za kuzuia kutu. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Kimiminika hiki kinachemka karibu na nyuzi 190. Kwa hiyo pale injini inapobanwa, kuzunguka silinda na hedi, mvuke hautokei kirahisi. Na mvuke ndio adui: palipo na povu la mvuke chuma hakigusani na kimiminika, joto linakwama hapohapo, hedi inapinda.

Lakini watengeneza ndege walishapita njia hii. Katika miaka ya 1930, Rolls-Royce waliijaza injini ya Merlin, iliyokuja kuiendesha Spitfire, ethilini glaikoli tupu. Hesabu yao ilikuwa nzuri: kimiminika kikiruhusiwa kuwa cha moto zaidi ya maji, rejeta inaweza kuwa ndogo, na rejeta ndogo haiukamati sana upepo. Kilichowasumbua ni kwamba glaikoli tupu ilipenya kwenye maungio ambayo maji hayakupenya, na inaweza kushika moto. Halafu kuna hili ambalo wauzaji hulipitia haraka: kilo moja ya glaikoli inabeba zaidi kidogo ya nusu ya joto linalobebwa na kilo moja ya maji kwa kila nyuzi. Kufikia 1940 Rolls-Royce walikuwa wanayarudisha maji, asilimia 70 kwa 30 za glaikoli, na wakaufunga mfumo kwa shinikizo ili mchanganyiko usichemke mapema. Kofia ya rejeta ya gari lako inafanya kazi hiyohiyo.

Kwa hiyo kijana wa turbo ananunua nini hasa? Ananunua kinga ya kutu na ya mvuke, na mipira ya rejeta isiyobanwa sana na shinikizo. Hivyo ni vitu halali. Ubaridi hanunui, injini yake huenda ikawa na joto zaidi kidogo kuliko awali, ila haichemki. Kama rejeta imeziba au feni imekufa, chupa ya bei mbaya haitamwokoa. Fundi mzuri ataangalia hivyo kwanza, na mimi ningemlipa yeye kabla ya kulipia kulanti.

Sasa mchukue kijana huyo safarini. Ametoka Dar, amepita Kibiti na Ikwiriri, amevuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, na mpira wa rejeta unapasuka Chumbi saa mbili usiku. Mwenye lori aliyeharibikiwa jirani yake atafunga mpira kwa kipande cha tyubu, ataomba ndoo ya maji nyumba ya kwanza, ataondoka. Huyu wa kulanti isiyo na maji hana pa kuinunua. Naye akimimina ndoo ileile atafika, maana maji na glaikoli vinapatana, lakini Evans wenyewe wanataka maji yasizidi asilimia 3 ndani ya mfumo. Akifika Kilwa itabidi amwage vyote, akaushe injini hadi kwenye hita, na anunue chupa upya.