Orodha Katika Kompyuta na Historia Yake

Fungueni ukurasa huu, mfuate maneno kwa kidole huku mkisikiliza. Kalamu na karatasi ziwe karibu, kwa maana leo tutahesabu kidogo.

Bila shaka umewahi kwenda ofisini kujiandikisha. Karani amekaa mbele ya kompyuta. Anakuuliza, "Mzee, unatoka mkoa gani?" Nawe unajibu, "Mbeya." Karani haandiki jina hilo herufi kwa herufi. Anabonyeza mshale mdogo kwenye kioo, na mara majina ya mikoa yanashuka kama mkeka uliokunjuliwa. Anachagua jina moja, na mkeka unajikunja tena. Orodha ya namna hiyo huitwa menyu kunjuzi.

Sasa nakuuliza wewe: majina yale yametoka wapi? Nani aliyeyaweka pale? Na je, jina la mkoa wako lisipokuwamo, itakuwaje? Maswali hayo ndiyo somo la leo.

1. DAFTARI LIKO PEKE YAKE

Zamani kila programu ya kompyuta ilikuwa na mafaili yake, yaliyopangwa kwa namna yake. Programu ya mishahara ilikuwa na orodha yake ya wafanyakazi, na programu ya likizo ilikuwa na yake. Mtu akihama, ilibidi asahihishwe mara mbili. Akisahihishwa mahali pamoja na kusahauliwa pengine, kompyuta ilitoa majibu mawili juu ya mtu mmoja.

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alitoa maandishi yaliyobadili mambo. Alisema kwamba habari zote ziwekwe katika majedwali yenye mistari na safu, kama daftari la mahudhurio. Tena mtu anayetumia daftari hilo asilazimike kujua jinsi lilivyopangwa ndani ya mashine. Basi likawa daftari moja, na programu nyingi zikalisoma.

2. DAFTARI NA UBAO

Hatua ya pili ilitoka kwa mtu wa Norway, jina lake Trygve Reenskaug. Alikuwa amefanya kazi ya kutunga programu za viwanda vya meli. Mwaka 1978 alikwenda Marekani, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, akakaa mpaka mwaka 1979. Huko aliandika fikira zake juu ya kutenga mambo mawili: habari zenyewe, na picha ya habari hizo kwenye kioo.

Hebu tufikiri juu ya shule. Mwalimu mkuu ana daftari la majina ya wanafunzi. Nje ya ofisi kuna ubao, na majina yaleyale yamebandikwa humo ili watu wayaone. Daftari ndilo lenye ukweli, na ubao kazi yake ni kuonyesha. Jina likibadilika, husahihishwa daftarini kwanza, kisha ubao hufuata. Ole wake mwalimu anayesahihisha ubao na kuliacha daftari! Na ole wake anayesahihisha daftari na kuusahau ubao! Kazi ya Reenskaug ilikuwa kutafuta njia ya ubao kulifuata daftari wenyewe.

3. MENYU ZAINGIA OFISINI

Mwaka 1981 Xerox ilianza kuuza kompyuta iliyoitwa Star, yenye picha kwenye kioo na kipanya cha kuongozea. Mwaka 1984 kampuni ya Apple ilitoa Macintosh, na watu wengi wa kawaida wakaanza kuzoea kuchagua maneno kutoka menyu. Mwaka 1985 kampuni ya Microsoft ikatoa Windows.

Mwaka 1991 Microsoft ilitoa chombo kinachoitwa Visual Basic. Kwa chombo hicho mtunga programu aliweza kuchora menyu kunjuzi kwenye kioo kwa muda mfupi tu. Lakini majina ya ndani aliyaweka mwenyewe, kwa amri moja kwa kila jina: weka Arusha, weka Dodoma, weka Iringa. Watunga programu wengi waliyaandika majina hayo ndani ya programu yenyewe. Hapo kosa la kale likarudi kwa mlango mwingine. Daftari liko upande mmoja, menyu ina orodha yake upande wa pili, na hazijuani.

Mwaka 1992 Microsoft ilitoa programu ya kutunza madaftari, iitwayo Access. Humo menyu iliweza kuambiwa: "Majina yako yachukue katika jedwali lile." Mwaka 1995 Visual Basic nayo ikapata menyu za namna hiyo. Kazi hii ya kuiunganisha menyu na daftari ndiyo kiini cha somo letu.

4. JINA NA NAMBA

Sasa chukua kalamu. Katika daftari zuri kila mkoa una jina na una namba yake ya kudumu. Karani huona jina, kwa sababu binadamu husoma majina. Lakini kompyuta huhifadhi namba, kwa sababu jina laweza kubadilika. Mwaka 2018 nchi ya Swaziland ilibadili jina ikaitwa Eswatini. Daftari lililotumia namba lilisahihishwa mstari mmoja tu, na watu wote walioandikwa chini ya namba ile wakapata jina jipya.

Lakini angalia: namba ya kudumu ni jambo moja, na nafasi katika foleni ni jambo jingine. Baadhi ya watunga programu walihifadhi nafasi, yaani jina la kwanza, la pili, la tatu. Tuone hatari yake.

Mwaka 2011 Tanzania Bara ilikuwa na mikoa 21. Iandike kwa utaratibu wa alfabeti: Arusha, Dar es Salaam, Dodoma, Iringa, Kagera, Kigoma, Kilimanjaro, Lindi, Manyara, Mara, Mbeya. Hesabu kwa kidole. Mbeya ni ya 11. Mwaka 2012 ilizaliwa mikoa minne: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Sasa andika orodha upya. Geita inaingia baada ya Dodoma, na Katavi inaingia baada ya Kagera. Hesabu tena. Nafasi ya 11 ni ya nani? Ni ya Manyara! Mbeya imesukumwa mpaka nafasi ya 13.

Basi tuseme mzee wa Mbeya aliandikwa kwa nafasi yake, yaani 11. Orodha ikiongezwa majina, kompyuta itasema kwamba mzee huyo ni mtu wa Manyara. Hakuhama, wala hakuna aliyegusa karatasi yake. Huo ndio ubaya wa kosa hili: halipigi kelele.

Mwaka 2002 Microsoft ilitoa vyombo vipya vinavyoitwa .NET. Humo mtunga programu huiambia menyu mambo matatu: soma daftari lipi, onyesha safu ipi, na shika safu ipi kuwa jibu. Akiyafanya hayo sawasawa, karani huchagua "Mbeya", na kompyuta hushika namba ya kudumu ya Mbeya, hata kama foleni itapangwa upya mara kumi.

5. ORODHA YENYE KENGELE

Palibaki shida moja. Kwa kawaida menyu ilisoma orodha mara moja, programu ilipofunguliwa. Jina likiongezwa baadaye, menyu haikujua. Karani alilazimika kufunga na kufungua tena. Mwaka 2005, na tena mwaka 2006, zilitolewa orodha za namna mpya katika vyombo hivyo vya .NET. Orodha hizo ni kama zina kengele. Jina likiingia au likitoka, kengele hulia, na menyu husikia na kujisahihisha papo hapo. Ile njia ya ubao kulifuata daftari wenyewe ikawa mikononi mwa watunga programu wengi.

Lakini msisahau, ndugu zangu: kengele hulia pale tu mtu anapoandika ndani ya orodha. Mwaka 2016 mkoa wa Songwe ulitengwa kutoka Mbeya, na mikoa ya Bara ikawa 26. Hakuna kompyuta iliyoujua mkoa huo mpaka mtu alipokaa na kuuandika. Mashine haina habari za kijijini kwako.

6. JAMBO LA KUKUMBUKA

Kwa hiyo, siku ukiambiwa ofisini, "Mkoa wako haumo katika kompyuta," usiondoke kimya, wala usikubali kuandikwa mahali pa jirani ili kazi iishe. Karatasi ya leo itakufuata kesho kwenye matibabu, kwenye shamba, na kwenye cheti cha mtoto. Mwambie karani kwa adabu: "Mwanangu, tafadhali waarifu wanaotunza orodha waongeze jina letu." Karani mwenyewe huenda hana uwezo wa kuongeza, lakini anaweza kupeleka habari. Na wewe uliyejifunza kusoma, itazame karatasi yako kabla ya kutia sahihi. Jicho lako ndilo la mwisho.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Daftari na ubao vina tofauti gani? Toeni mfano mmoja wa kijijini kwenu.
2. Kwa nini kompyuta huhifadhi namba, na karani huonyeshwa jina?
3. Andikeni mikoa yote 26 ya Tanzania Bara kwa alfabeti. Mkoa wenu ni wa ngapi? Ulikuwa wa ngapi mwaka 2011, kama ulikuwapo?
4. Mtu akiandikwa mkoa usio wake, anaweza kupata hasara gani?

Jibuni swali la tatu kwa maandishi, kisha mbadilishane karatasi na kusahihishana.