Wimbi la Miaka 100

Kabla sijaacha uni, mhadhiri mmoja wa uhandisi alituandikia ubaoni: wimbi la miaka 100. Mimi nikajua ni wimbi linalokuja mara moja kwa karne, likishapita mnalala. Kumbe wapi. Ni wimbi ambalo kila mwaka lina nafasi ya asilimia 1 ya kukupata. Linaweza kuja leo na mwakani likarudi. Mtambo ukikaa baharini miaka 30, nafasi ya kupigwa nalo angalau mara moja inafika asilimia 26.

Karo ilinitoa darasani, lakini hesabu hiyo haikunitoka. Ndiyo iliyonipeleka kwa Ocean Ranger.

Huu ulikuwa mtambo mkubwa ajabu wa kuchimba mafuta, uliokuwa ukielea mashariki mwa Newfoundland, Kanada. Waliousanifu walisema ungestahimili mawimbi ya mita 34. Usiku wa tarehe 14 Februari 1982 dhoruba ikafika. Mitambo mingine miwili ilikuwa karibu, ikapigwa na dhoruba hiyo hiyo, na ikapona.

Kilichoimaliza Ocean Ranger kilianza na kidirisha. Wimbi lilivunja kioo cha chumba kilichokuwa ndani ya mguu mmoja wa mtambo, chumba cha kuongoza maji ya kusawazisha. Maji ya chumvi yakaingia kwenye paneli ya umeme. Mtambo ukaanza kuinamia mbele. Tume ya uchunguzi iligundua kwamba wafanyakazi hawakuwa wamefunzwa vya kutosha jinsi ya kuurudisha sawa mambo yakiharibika. Hawakuwa na mavazi ya kuwakinga na baridi ya maji yale. Kufikia asubuhi mtambo ulikuwa umezama. Walikuwa watu 84. Hakupona hata mmoja.

Miaka 15 baadaye, 1997, jukwaa la Hibernia lilisimamishwa kwenye bahari hiyo hiyo, mahali penye kina cha mita 80 hivi. Hili halielei, limekaa chini kwa uzito wake wa zege, na ukuta wake wa nje una meno kama gia. Kule milima ya barafu hushuka na mkondo kutoka Greenland. Mmoja wao ndio ulioizamisha Titanic mwaka wa 1912, na tangu 1914 kuna doria maalum ya kuifuatilia. Wahandisi walihesabu inapita mingapi, ina uzito gani, inaenda kasi gani, hata mikwaruzo inayoacha kwenye sakafu ya bahari. Wakaamua: mlima wa tani milioni 1, wa miaka 500, usilidhuru jukwaa. Wa tani milioni 6, wa miaka 10,000, uliharibu lakini litengenezeke. Na bado boti huifunga milima kamba na kuivuta kando, kwa sababu hakuna anayetaka kujaribu kama hesabu ilikuwa sawa.

Kuna watu huniuliza kama najuta kuacha shule. Siku zingine, ndiyo. Lakini nikisoma habari za usiku ule, siwazi kuhusu zile mita 34. Nawaza kuhusu yule aliyekuwa zamu kwenye kile chumba, kioo kimevunjika, paneli imelowa, na hakuna aliyewahi kumfunza abonyeze nini.