Duvi Wako Hajadedi, Usimtupe! Hivi Ndivyo Unamfuga Akiwa Fiti
Duvi ni yule kaa mdogo wa ufuo wa Kilifi na Malindi anayebeba ganda la konokono. Kabla umpeleke keja, jua hii: ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa 1968, huruhusiwi kutoa mnyama, hata ganda tupu.

Kama uko naye tayari, cheki haya:

Hewa: Anapumua kwa matamvua, na yakikauka anadedi polepole. Tumia tangi la kioo lenye kifuniko, unyevu uwe kama asilimia 80. Ndoo wazi ni noma.

Mchanga: Weka angalau sentimita 15, wenye unyevu wa kushikana ukiufinya. Akijizika wiki kadhaa, usimfukue! Anabadilisha gamba. Wasee wengi hutupa duvi mzima wakidhani ameenda. Aliyekufa kweli hunuka kama samaki aliyeoza.

Maji: Bakuli mbili fupi, moja ya maji ya mvua, nyingine ya bahari. Chumvi ya jikoni haisaidii. Weka mawe asizame.

Ganda: Akikua anahama. Muwekee maganda kadhaa makubwa kidogo, yasiyopakwa rangi, la sivyo atapigania la mwenzake.

Mwituni anaweza kuishi zaidi ya miaka 30, na watoto wake huanzia maisha baharini, si kwa tangi lako. Umemuokota juzi na huwezi hizi kazi? Mrudishe jioni, palepale ulipomtoa.