Kuvua Utu

Tarehe 20 Juni 2013 mahakama ya wilaya ya Stockholm ilimhukumu Stanislas Mbanenande, mzaliwa wa Rwanda mwenye uraia wa Uswidi, kifungo cha maisha kwa mauaji ya kimbari ya 1994. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya kosa hilo nchini Uswidi. Kilichopimwa pale ni matendo: nani alikuwa wapi, akifanya nini. Maneno yaliyoyatangulia yalikuwa yameshahukumiwa na mahakama ya kimataifa kule Arusha, Desemba 2003, katika kesi ya redio RTLM na gazeti la Kangura.

Neno lililovuma zaidi ni inyenzi, yaani mende. Miaka ya 1960 liliwataja wapiganaji wa Kitutsi walioshambulia kutoka uhamishoni. Miaka 30 baadaye redio ikalitandaza: mpiganaji mende, mwalimu mende, na mtoto aliye mgongoni naye mende. Jina la adui wa vita likawa jina la kila Mtutsi.

Wataalamu wana istilahi ya kitendo hiki, kwa Kiingereza “dehumanization”, na wapo wanaoifasiri “udhalilishaji”. Siafiki. Anayedhalilishwa bado ni mtu. Ndiyo maana huona aibu, na mdhalilishaji hutaka aione. Mende hadhalilishwi, hupondwa. Mimi nasema “kuvua utu”, kwa kuwa kitenzi hicho kinadai mtendaji. Kama vile mtu anavyovuliwa cheo, lazima awepo aliyemvua.

Kiswahili nacho kina mlango wake wa kupitishia jambo hili, nao ni upatanisho wa kisarufi. Mende, kwa kuwa ana uhai, hubaki kwenye a-/wa-: mende wameingia, wageni wameingia. Sikio halishtuki. Chukua sasa “madoadoa”, neno lililotumika Bonde la Ufa, Kenya, kwa majirani wa makabila mengine. Madoadoa yaondolewe. Kile kiambishi cha watu kimeshaanguka, na cha vitu kimekalia nafasi yake, kabla msikilizaji hajauliza ni akina nani hao.

Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya Kenya iliorodhesha maneno ya chuki, “madoadoa” na “mende” yakiwemo. Limo pia “wakuja”. Hilo linanitatiza: halimvui mtu utu wake, linamnyima uenyeji tu. Istilahi niliyoipendekeza hailifikii.